Mjukuu wa Fundi Bati Hashtuki

Jumatatu. Mvua za msimu zimeanza.

Binti yangu karuhusiwa kutoka hospitali, karudi na mtoto. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, yuko huko anakojua yeye na usukani wake, kwa hiyo mzigo ni wangu mpaka mvua ziishe. Nesi kawaambia kina mama wote waandike mtoto anavyoendelea: lini kafuata mtu kwa macho, lini kacheka, lini kageuza shingo. Wakirudi kliniki wataulizwa. Binti kaniangalia na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Baba, hata kalamu naiona nzito."

Nikamwambia lete hiyo kazi. Shule sikukanyaga, lakini herufi nazijua, nilizijua kwenye makopo. Mtu akikata makopo ya rangi na ya mafuta umri wake wote, atakosaje kujua kusoma? Neno la kwanza kulisoma maishani lilikuwa HATARI. La pili USIMEZE. Nimeyafuata yote mawili na niko hai, nionyeshe msomi aliyefaidika na kisomo chake kuliko mimi.

Mtoto ni wa kiume. Hana meno, hana nywele, analala mchana kutwa na kujikojolea. Nimemwita Mzee Mwenzangu.

Jumatano.

Kanyonya, kalala. Na mimi nimelala.

Ijumaa. Mwezi umepita. Jua kidogo.

Mjenzi mmoja kaagiza makarai, anayataka upesi kama vile nyumba yake inamkimbia. Nimeshinda nafua bati. Nyundo yangu mtaa mzima unaijua, wapo wanaoamka nayo. Mama Cherehani, yule jirani mshonaji wa ng'ambo ya barabara, kaja kunifokea mlangoni. "Wewe mzee, kuna mtoto mchanga humo ndani. Huna huruma?"

Nikamshika mkono, nikampeleka chumbani. Ukuta wa chumba cha binti na ukuta wa karakana ni mmoja. Mzee Mwenzangu kalala fofofo, kakunja ngumi, mdomo wazi. Nikarudi nikapiga bati ile ya kutikisa madirisha. Mama Cherehani kachungulia: mtoto hata kope haikucheza.

"Unaona," nikamwambia. "Huyu kaisikia nyundo tangu tumboni. Mama yake kaibeba mimba hii humu humu. Mtoto wa karani angeruka mpaka darini. Mjukuu wa fundi bati hashtuki."

Mama Cherehani kacheka, kasema, "Haya, na wewe umepata kiziwi mwenzio." Maana sikio langu la kushoto lilishastaafu zamani, ndiyo sababu nyumba hii tunaongea kwa kupayuka. Tukacheka wote. Binti alikuwa amekaa kitandani. Hakucheka, nikasema ni uchovu.

Jumapili.

Jioni nimemsimulia Mzee Mwenzangu habari za lile tangi nililolitengeneza likawa kubwa kuliko mlango wa karakana, tukabomoa ukuta kulitoa. Ukuta tulibomoa kweli. Tangi lenyewe linakua kila nikilisimulia, sasa hivi unaweza kuingiza lori. Mtoto kanikazia macho mdomoni, hapepesi. Tangu nizaliwe sijapata msikilizaji namna hii. Hakatizi. Hasemi, "Mbona juzi ulisema hivi."

Binti kasema, "Baba, ule mlango upepo ulipoubamiza, mimi niliruka. Yeye hata hakutikisika."

"Wewe una roho ya kuku. Umeirithi kwa marehemu mama yako."

Kacheka kidogo. Halafu kasema tena, taratibu, "Hakutikisika kabisa."

Jumanne. Mvua.

Inapiga paa mpaka hatusikilizani. Kalala.

Alhamisi. Kliniki ya wiki sita.

Nimewasindikiza. Binti alisema angeweza kwenda peke yake, lakini mzigo ule na tope lile, nani atashika mwavuli? Tena kliniki napapenda. Benchi limejaa kina mama wamechoka, hawana pa kukimbilia, unawapa hadithi moja ya kutwa nzima.

Mtoto kapimwa, kaongezeka vizuri sana. Nikawaambia walioko karibu wasishangae, ni vya kurithi, mimi nilizaliwa nikavunja mizani. Nesi ni mwanamke mfupi, mkavu, haongei bure. Kamshika mtoto, kamlaza chali, kamwinua kwa mikono aone shingo. Kapitisha kidole mbele ya macho, macho yakakifuata. Kamtabasamia, na mwenyewe katabasamu. Halafu kampima binti presha, kamwangalia macho kama ana damu ya kutosha, kamuuliza mshono umefungaje, maziwa yanatoka, usingizi unapata.

"Anapata," nikajibu. "Akilala utafikiri kalipwa."

Kauliza, "Na mtoto anashtuka akisikia kelele? Mlango, makofi, mtu akipaza sauti?"

Binti kafungua mdomo. Mimi nilishatangulia. "Dada yangu, huyo anaishi na fundi bati. Kelele ndiyo maziwa yake ya pili." Nikamweleza habari ya Mama Cherehani na karai, tena nikaigiza anavyotembea. Nesi wa chanjo kule pembeni alicheka mpaka kaweka sindano chini. Nesi mfupi kaandika kwenye kadi. Kamtazama binti. "Una swali, mama?"

Binti kasema, "Hapana."

Njiani kurudi alitembea kainama. Nikamuuliza kulikoni. "Mguu umeteleza tu, Baba."

Ijumaa.

Makarai yamechukuliwa. Mjenzi kasifu. Hata yeye kaona mtoto hashtuki.

Jumatatu. Wiki mbili zimepita. Mvua kubwa ya radi.

Mchana, tumeketi sebuleni, mimi na binti, mtoto kalala chali kwenye mkeka anacheza na vidole vyake. Radi imepiga hapa hapa, karibu na nguzo ya umeme. Kikombe kimenitoka mkononi. Mama Cherehani kule kwake kapiga kelele, tumemsikia. Mimi niliruka mpaka ukutani, na mimi ni mtu niliyewahi kuangukiwa na paa nikatoka nalicheka.

Mzee Mwenzangu anaangalia kidole gumba. Anakigeuza. Kama kidole kizuri kuliko vyote duniani.

Nilitaka kusema neno la kuchekesha. Lilikuwa tayari. Nikainua macho, nikamkuta binti hamtazami mtoto, ananitazama mimi. Anangoja nitasema nini.

Nikasema, "Shujaa."

Kainuka kaokota vigae vya kikombe.

Jumanne.

Hakuna.

Jumatano.

Hakuna. Mvua.

Alhamisi.

Mkwe wangu kapiga simu kutoka njiani. "Shikamoo, Baba. Mwanangu hajambo?" Nikamwambia hajambo, anatukimbiza. Kataka aongee naye. Binti kaiweka simu sikioni kwa mtoto. Tunamsikia baba mtu anaita, "Weee, baba yako mimi, baba yako," sauti ya mtu aliye peke yake muda mrefu. Mtoto kaona kioo cha simu kinawaka, kakunjua mkono akishike.

"Anafanyaje?" mkwe kauliza.

Binti kanitupia macho. Nikaichukua simu nikasema, "Anatabasamu." Ni kweli alikuwa anatabasamu. Sikusema uongo.

Binti kaingia chumbani kafunga mlango.

Jumamosi. Mvua imepumzika.

Leo nitaandika kirefu, mkono ukiuma uume.

Asubuhi nilikuwa nalehemu mdomo wa birika. Binti kaja karakana na mtoto. Hajaingia humu tangu ajifungue. Kakaa kwenye kigoda, kamweka mtoto mapajani, uso kwa uso, mgongo wa mtoto ukanielekea mimi. Kasema, "Baba, chukua ile bati nene. Ipige."

"Unataka nini?"

"Ipige tu."

Nikaining'iniza kwenye kamba, nikaigonga kidogo. Ikalia kama kengele ndogo. Mtoto anamwangalia mama yake. Mama mtu kajilazimisha kutabasamu, machozi yanamtoka, na mtoto anamtabasamia.

"Zaidi," kasema.

Nikapiga. Mabati yaliyoegemea ukuta yakaitikia. Mtoto anatoa ulimi, anaurudisha, ule mchezo alioanza wiki hii.

"Zaidi, Baba."

Hapo ndipo mimi mwenyewe nikasahau ananiangalia nani. Nilipiga. Niliipiga ile bati kama inanidai roho. Nilikuwa namwita. Kwa kila pigo nasema moyoni geuka, geuka mjukuu wangu, geuka umtukane babu yako. Misumari imeruka kwenye kopo. Watu wamesimama barabarani. Mama Cherehani kaja mbio na futi shingoni, kasimama mlangoni, kaona mtoto, kaona uso wa binti, kashika mdomo. 

Binti kaja kunishika mkono. "Basi. Baba, basi."

Mzee Mwenzangu ananitazama kutoka begani kwa mama yake. Kanitolea ulimi.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," kasema binti. Hakupaza sauti, ilibidi nimgeuzie sikio zima. "Kila nikitaka kukwambia unanipa hadithi. Nikaanza kuona labda ni mimi, labda kichwa changu hakiko sawa, maana nyote mnacheka."

Nikaishusha ile bati bila kumpa hadithi. Kwa mtu kama mimi, hiyo peke yake ni habari ya kuandikwa.

Jumatatu. Kliniki.

Siku yetu haikuwa imefika, tumeenda hivyo hivyo. Nesi mfupi kauliza kuna nini. Mimi, kwa mazoea ya ulimi, nikaanza, "Unajua dada yangu, sisi..."

"Mzee," kasema, "wewe kaa nje."

Kwa adabu kabisa, lakini mlango kaufunga mwenyewe.

Nikakaa kwenye benchi. Kina mama walewale. Mmoja kanikumbuka, kasema, "Babu, tumalizie ya yule jirani na karai." Wakanisogelea. Sijui nilipata wapi, lakini nilisimulia. Mdomo ulikuwa unaenda wenyewe kama gari linaloshuka mlima dereva kalala. Waliangua kicheko. Mmoja mpaka kampa mwenzake mtoto amshikie.

Mlango ukafunguka katikati ya kicheko hicho. Binti katoka, uso umelowa, kitambaa cha nesi mkononi. Kaniona jinsi nilivyo, mikono juu, naigiza Mama Cherehani. Nikashusha mikono. Kapita.

Nesi kanifuata mimi pembeni. "Tutawapeleka hospitali kubwa, kuna mashine ya kupima masikio ya watoto. Lakini na huyu mama simwachi hivi hivi. Halali usiku, hali chakula, analia akiwa peke yake, anajiona mwendawazimu. Ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilijua amechoka."

"Atakuja kwangu kila wiki. Peke yake. Wewe utabaki na mtoto." Halafu kaongeza, na hii nimeitia kichwani: "Akikwambia kitu, mzee, usimjibu haraka."

Jumatano.

Mvua. Mama Cherehani kaleta uji, kauweka mlangoni, kaondoka bila kugonga.

Ijumaa. Hospitali kubwa.

Chumba hakina dirisha, kuta zake laini kama godoro, ukiongea zinameza maneno. Walimlaza mtoto akiwa usingizini, wakambandika vijiwaya kichwani, kitu kidogo sikioni. Mashine haifanyi kelele yoyote. Nilitaka kuwauliza mnapimaje sauti kwa mashine bubu, nikakumbuka maneno ya nesi, nikatulia. Fundi wa mashine kaangalia mistari kwenye kioo muda mrefu. Kahamia sikio la pili. Muda mrefu tena.

Daktari ni kijana, ana umri wa binti yangu. Kasema masikio yote mawili hayasikii. Siyo uchafu, siyo maji, ni ndani kabisa. Kasema mtoto mwenyewe mzima, akili yake iko sawa, macho yake makali, ndiyo maana mmechelewa kugundua, anasoma nyuso zenu. Kasema vipo vifaa vya kujaribu akikua kidogo, kwake vinaweza visilete kitu. Ipo lugha ya mikono, na sisi ndio tuanze kujifunza kabla yake.

Binti kasikiliza yote kakauka. Kisha kauliza, bila kunitazama, "Kelele zinaweza kufanya hivi? Mtoto akiwa tumboni? Baba yangu ni fundi bati. Nimekaa ukuta mmoja na nyundo miezi yote ile."

Daktari kaniangalia. Naona alitaka kuwa mwema kwangu. "Sidhani. Mara nyingi ni kurithi kwa damu tu, au homa fulani, au hatujui."

"Lakini hujui," kasema binti.

"Hatujui," kasema daktari.

Nimeliandika neno hilo hapa kama alivyolisema. 

Jumamosi.

Sikufua.

Jumapili.

Sikufua.

Jumatatu.

Sikufua.

Jumanne. Manyunyu.

Binti karudi kutoka kwa nesi, safari ya kwanza peke yake, kanikuta nimekaa mbele ya karakana iliyofungwa. Kasimama mbele yangu na mwavuli.

"Mbona hupigi?"

Nikamwambia sina moyo.

"Usipopiga tutakula nini? Piga, Baba. Unamnyamazia nani humu ndani?"

Akaona alivyonichoma. Akakunja mwavuli, akakaa kizingitini karibu yangu, kitu ambacho hajakifanya tangu ana meno ya utoto. Kasema, "Sijasema ni nyundo. Niliuliza tu. Ningejuta nisingeuliza."

Safari hii sikumjibu haraka.  Akaongea mwenyewe. Kanieleza jinsi anavyomwimbia mtoto halafu anakumbuka, anauacha wimbo katikati. Jinsi alivyomwambia mumewe kwa simu, mume kalipaki lori pembeni ya barabara, kumesikika injini tu. Kasema hajui kama anampenda mtoto au anamwonea huruma, na kwamba nesi kamwambia wapo wengi wanaosema hivyo. Ameongea mpaka manyunyu yakakatika. Nimekaa na binti huyu nyumba moja tangu azaliwe, na sidhani kama nimewahi kumsikia akimaliza jambo.

Jumatano.

Nimefungua karakana. Pigo la kwanza niligonga kidole changu kama mwanafunzi. Mtoto kalala upande wa pili wa ukuta. Niliacha, nikaenda kumtazama, nikarudi, nikapiga. Nikaenda tena.

Ijumaa. Mvua.

Kuna jambo nimeliona nikamwambia binti, kumbe yeye kashaliona. Mzee Mwenzangu akiwa mkekani nikija kumbeba, huruka mwili mzima, hukunjuka mikono, analia kwa hofu. Mimi kila siku nilisema kaogopa uso wa babu.

"Unamtokea, Baba," kasema binti. "Unaingia na mlango wa uani, yeye anaangalia barabarani. Sisi sote tunakujua umefika kwa mdomo wako kabla hujaonekana. Yeye anaona dunia ipo tu, mara kanyakuliwa."

Nimelifikiria hili kutwa. Kumbe anashtuka, tena sana. Anashtushwa na mimi.

Jumapili. Mvua ya mwisho mwisho, naona.

Baada ya kazi sikupita mlango wa uani. Nilizunguka nyumba, kwenye tope, bila mwavuli, nikatokea barabarani. Mama Cherehani dirishani kwake kauliza, "Mzee, umepotea kwako?" Nikampungia mkono, nikapita. Atajijazia hadithi mwenyewe.

Nikasimama kwenye mlango wa mbele. Mtoto yuko mkekani, kalazwa kifudifudi, anajaribu kuinua lile boga la kichwa. Anaangalia miguu ya kiti. Mama yake yuko nyuma kidogo, anakunja nepi, kaniona, kaendelea kukunja. Mimi maji yananichuruzika puani, na mdomo umejaa, nilikuwa nimetoka na jambo zuri sana la mteja aliyeleta ndoo isiyo na kitako akabishana kwamba inavuja kidogo tu. Nikalimeza. Nikangoja.

Kichwa kikaanguka. Kikainuka. Kikanesa huku na huku, kikanifikia miguuni, kikapanda taratibu, magoti, tumbo, mpaka juu. Kaniona. Kwanza kaduwaa. Halafu uso wote ukafunguka, miguu ikapiga mkeka, kikamtoka kicheko, cha kwanza chenye sauti, kikavu kama mlango usio na mafuta. Binti kaangusha nepi.

Umri huu wote nimechekesha mabenchi, misiba, foleni, watu wazima wakalala chini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunicheka kabla sijaanza.

Nilitaka kumwambia binti hivyo. Nikamtazama, nikaona ana lake anataka kusema, nikafunga mdomo. 

"Kinalia kama bati," kasema. "Na mwenyewe hakisikii."

Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Kanitupia nepi kavu nijipanguse uso. Kisha kaja kulala kifudifudi mkekani, uso mbele ya uso wa mtoto, na mimi na magoti yangu mabovu nikashuka upande wa pili.